Tani walizihesabu, bahari ikakauka

Moynaq, katika Uzbekistan iliyokuwa sehemu ya Umoja wa Kisovieti, ulikuwa mji wa bandari kusini mwa Bahari ya Aral, ambayo kwa kweli ni ziwa kubwa, na ulikuwa na kiwanda cha kusindika samaki. Mwishoni mwa miaka ya 1950 bahari hiyo ilitoa zaidi ya tani 40,000 za samaki kwa mwaka. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 uvuvi wa biashara ulikuwa umekwisha: maji yamezidi chumvi, ufuko umekimbia, meli zimelala mchangani. Kiwanda hakikufungwa. Samaki waliogandishwa walisafirishwa maelfu ya kilomita kutoka bahari za mbali, wakatiwa makoponi Moynaq, na shabaha ya makopo iliyoandikwa kwenye mpango wa serikali ikaendelea kutimizwa.

Kiwanda hicho wanapaswa kukitafakari wote tunaosema leo kwamba uchumi uache kupimwa kwa fedha peke yake. Hoja kuu ya uchumi wa ikolojia ni kwamba bei haioni kila kitu. Msitu ukikatwa, pato la taifa linapanda. Chemchemi ikikauka, hakuna daftari linaloandika hasara. Kwa hiyo tuhesabu vitu vyenyewe: tani za udongo, lita za maji, hekta za msitu, uzito wa hewa ukaa. Hoja hiyo ni sahihi, lakini ina historia ambayo wengi wanairuka. Mwanauchumi Otto Neurath aliitetea Vienna zaidi ya miaka 100 iliyopita, na Umoja wa Kisovieti ukaendesha nchi nzima kwa hesabu za namna hiyo kwa miongo mingi. Palikuwa na dola iliyohesabu kwa tani na mita za ujazo kuliko nyingine yoyote duniani, na ndiyo iliyokausha ziwa lenye ukubwa wa Ziwa Victoria. Kosa lilikuwa wapi?

Tuanze na namna hesabu zenyewe zilivyofanyika. Gosplan, tume ya mipango iliyoundwa mwaka 1921, ilitengeneza kila mwaka kile kilichoitwa mizania ya vifaa. Chukua chuma. Upande mmoja wa jedwali unaandika kitakakotoka: uzalishaji wa viwandani, uagizaji, akiba iliyobaki mwaka jana. Upande wa pili unaandika kitakakokwenda: mashine, ujenzi, reli, jeshi, akiba ya mwakani. Pande mbili zisipolingana, unarudi kwa wizara na kubana hapa, kuongeza pale, mpaka zilingane. Mizania za namna hii zilitengenezwa kwa takriban makundi 2,000 ya bidhaa, tena kabla kompyuta hazijawa kitu cha kutegemewa. Kama zana ya kufikiria, ni nzuri. Mtu anayetaka kujua kama nchi ina shaba ya kutosha kubadilisha magari yote yatumie umeme, leo hii, atachora jedwali lilelile.

Ugonjwa ulikuwa kwenye namna tarakimu zilivyofika mezani. Mkurugenzi wa kiwanda alilipwa bonasi akifikisha asilimia 100 ya mpango, na shabaha ya mwaka unaofuata ilipandishwa kutoka pale alipofikia. Ukizalisha kwa nguvu zako zote mwaka huu, mwakani unajinyonga. Basi kila mkurugenzi alificha uwezo wake halisi, akaomba malighafi kupita mahitaji, akarundika akiba ghalani. Na kipimo kikiwa tani, bidhaa inakuwa nzito. Kiwanda cha bati kilichopimwa kwa uzito kilitoa bati nene, kwa sababu kutoa bati jembamba kulimaanisha kazi nyingi na tani chache. Nikita Khrushchev mwenyewe, aliyekuwa kiongozi wa nchi, alilalamika hadharani juu ya taa za dari zilizotengenezwa nzito kupita kiasi kwa sababu hiyohiyo. Chuma kilichotumika bure pale kilichimbwa, kikayeyushwa, kikachoma makaa. Kwa lugha ya ikolojia huo ni uharibifu mtupu, na ulihesabiwa kama mafanikio.

Turudi Aral, maana huko ndiko ugonjwa huu ulikofika mwisho wake. Mito miwili, Amu Darya na Syr Darya, ilileta wastani wa kilomita za ujazo zaidi ya 50 za maji kwa mwaka. Mwaka 1954 ulianza ujenzi wa Mfereji wa Karakum, ambao hatimaye ulipita urefu wa kilomita 1,300 kuvuka jangwa la Turkmenistan. Ulichimbwa kwenye mchanga, na sehemu kubwa haikuwekwa zege wala udongo wa mfinyanzi, hivyo maji mengi yaliishia ardhini kabla ya kuona shamba. Eneo la umwagiliaji katika bonde zima likapanda kutoka takriban hekta milioni 4.5 mwaka 1960 hadi zaidi ya milioni 7 katikati ya miaka ya 1980. Mashamba hayakulipia maji. Wizara iliyosimamia maji ilipimwa kwa ujenzi: fedha zilizotumika na hekta mpya zilizofunguliwa. Hekta zilizokufa kwa chumvi hazikuwa na wa kuulizwa.

Na chumvi ndiyo iliyomaliza kila kitu. Udongo wa jangwa una chumvi tele chini yake. Ukimwagilia bila kuchimba mitaro ya kutolea maji, maji ya chini ya ardhi yanapanda mwaka hadi mwaka. Yakifika mita moja au mbili kutoka juu, jua linayavuta. Maji yanapaa, chumvi inabaki kwenye mizizi, na juu ya shamba panatanda utando mweupe kama unga. Pamba inadumaa. Mtaro wa kutolea maji ni ghali na hauongezi tani ya mwaka huu, kwa hiyo msimamizi anachagua dawa ya haraka: kuosha shamba. Kabla ya kupanda anafurisha shamba kwa maelfu ya mita za ujazo kwa hekta ili chumvi ishuke. Maji hayo ya kuoshea nayo yanapandisha zaidi maji ya chini, kwa hiyo mwakani anahitaji kuosha zaidi. Kila mwaka hekta ileile inakunywa maji mengi kuzaa pamba ileile au pungufu. Yanayochuruzika yanabeba chumvi na dawa za wadudu kurudi mtoni, na wa chini ndiye anayeyanywa.

Wala haikuwa kutojua. Wataalamu wa maji walishapiga hesabu kwamba bahari itasinyaa, na wakubwa wakaamua kwamba pamba ina thamani kuliko samaki. Waliweka tani za pamba upande mmoja na tani za samaki upande mwingine. Vumbi la chumvi litakaloruka kutoka kwenye ufuko mkavu halikuwa na safu yake. Maji ya kunywa ya vijiji vya kusini hayakuwa na safu. Majira ya baridi yatakayozidi ukali bahari ikishaondoka hayakuwa na safu.

Kisha ikaja aibu nyingine. Uongozi wa Uzbekistan uliahidi Moscow kufikisha tani milioni 6 za pamba kwa mwaka. Ardhi haikuweza, hivyo takwimu zikapikwa kuanzia shambani hadi wizarani, mamia ya maelfu ya tani za pamba ambayo haikuota popote. Uchunguzi mkubwa ulifanyika katika miaka ya 1980, na viongozi wengi waliangukia gerezani. Kwa mtu wa ikolojia jambo la kuuma ni hili: pamba hewa ilihalalisha maji halisi. Mto uligawiwa kwa msingi wa mavuno ya kwenye karatasi.

Nyangumi wanathibitisha jambo hilo kwa ukatili zaidi. Umoja wa Kisovieti ulitia saini mkataba wa kimataifa wa uvuvi wa nyangumi wa mwaka 1946. Kati ya 1948 na 1973 ulitoa taarifa ya kuua nyangumi wenye nundu takriban 2,700 katika bahari za kusini. Idadi halisi ilizidi 48,000. Katika misimu miwili tu, 1959/60 na 1960/61, waliuawa karibu 25,000. Melini kulikuwa na madaftari mawili, la kweli na la kupeleka nje. Meli zilishindanishwa kutimiza mpango, bonasi zikagawiwa, na mara nyingi mizoga ilizidi uwezo wa kuchakata, hivyo mafuta ya juu yakachunwa na nyama kutupwa baharini. Ukweli ulitoka mwaka 1993, pale mwanasayansi Alexey Yablokov alipouanika hadharani. Lakini ona kilichotokea kabla ya hapo: mwaka 1972 utaratibu wa waangalizi kutoka nchi nyingine ulipoanza, uvuvi haramu ulishuka sana. Mfumo wa uchumi ulikuwa uleule na mpango ulikuwa bado wa tani. Kilichoongezeka melini ni mtu mwenye kalamu ambaye bonasi yake haikutegemea tani hizo.

Hapo ndipo ninaposimama. Kuhesabu vitu badala ya fedha ni lazima, lakini hakutoshi hata kidogo. Swali zito ni nani anayehesabu, analipwa na nani, na nani mwenye haki ya kusema kikomo kimefika bila kufukuzwa kazi au kufungwa.

Ujerumani Mashariki iliyaonyesha yote mawili, hesabu iliyo wazi na hesabu iliyofichwa, chini ya paa moja. Shirika lake la SERO, lililoundwa mwaka 1981, lilinunua chupa, magazeti na vyuma chakavu kwa bei iliyotangazwa, kilo kwa kilo, kwenye vituo vilivyokuwa karibu na makazi ya watu. Watoto walizunguka nyumba kwa nyumba na vigari kuomba magazeti ya zamani. Ulikuwa mfumo bora wa urejelezaji, na kuungana kwa Ujerumani mbili mwaka 1990 kulipoondoa bei hizo, ukaporomoka. Nchi hiyohiyo ilichimba takriban tani milioni 300 za makaa ya kahawia kwa mwaka, zaidi ya nchi yoyote duniani, hasa baada ya Moscow kupunguza mafuta mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hewa ikachacha kwa salfa. Mwaka 1982 serikali ikafanya takwimu za mazingira kuwa siri. Vipimo vilichukuliwa, vikafungiwa kabatini. Novemba 1987 polisi wa usalama walivamia maktaba ndogo ya mazingira kwenye kanisa moja la Berlin Mashariki, mahali ambapo raia walikuwa wakikusanya na kuchapa habari hizo wenyewe.

Najua atakayesema kwamba ubepari nao umeua nyangumi na kukausha mito. Ni kweli tupu, na sitetei soko hapa. Wanaotaka uchumi upangwe kulingana na mipaka ya dunia ndio wenye wajibu mkubwa zaidi wa kusoma makosa haya, kwa sababu watakabidhiwa vifaa vilevile.

Cuba ni mfano wa kikomo kilichokuja bila kuombwa. Mafuta kutoka Umoja wa Kisovieti, takriban tani milioni 13 mwaka 1989, yalishuka kwa zaidi ya nusu katika miaka michache. Mbolea na dawa zikakatika. Matrekta yakasimama, maksai wakarudi shambani, baiskeli zaidi ya milioni moja zikaagizwa China. Mijini vikaota vitalu vinavyoitwa organopónico, na ujenzi wake ni rahisi kuuelewa. Unajenga kingo kwa matofali, mawe au mabati chakavu, tuta lenye upana wa kama mita moja ili mkono ufike katikati kutoka kila upande. Unajaza mchanganyiko wa udongo na mboji au samadi, karibu nusu kwa nusu. Kila mwaka unaongeza angalau kilo 10 za mboji kwa mita ya mraba, maana mboga za majani zinanyonya haraka. Lengo lilikuwa kilo 20 za mboga kwa mita ya mraba kwa mwaka. Mboga ziliuzwa palepale kwenye kibanda pembeni ya tuta, na wazalishaji walibaki na sehemu ya mauzo. Timu ya taifa ilizunguka wilaya zote mara 4 kwa mwaka, ikakagua na kutoa alama.

Palipoharibika, sababu zilijulikana. Mboji ikikosekana, tuta linashuka na kugeuka vumbi. Umeme ukikatika, pampu inalala na mchicha unanyauka siku mbili. Minyoo fundo, ile midogo inayovimbisha mizizi, ikiingia kwenye kitalu kisichobadilishiwa zao, nyanya zinadumaa. Na zaidi ya yote, tuta la mjini linatoa mboga. Halitoi mchele, maharage wala mafuta ya kula. Cuba inaendelea kuagiza sehemu kubwa ya chakula chake, na mashamba makubwa ya miwa yaliyoachwa yamevamiwa na marabú, kichaka cha miiba kilichofunika zaidi ya hekta milioni moja. Mti huo ni mkulagembe wetu, uleule ambao wafugaji wa huku wanaachia mbuzi wale maganda yake. Tusisahau pia bei waliyolipa watu: kati ya 1991 na 1993 zaidi ya watu 50,000 waliugua mishipa ya fahamu ya macho na ya miguu, ugonjwa ulioambatana na lishe duni. Anayependekeza kupunguza matumizi ya nishati kwa kasi hiyo aseme kwanza protini itatoka wapi.

Tanzania nayo iko ndani ya historia hii. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 vijiji vya ujamaa vilianza kwa hiari. Novemba 1973 ikatangazwa kwamba kuishi vijijini ni amri, na kufikia 1976 hesabu rasmi zilionyesha watu takriban milioni 13 wakiwa vijijini. Sheria ya mwaka 1975 iliweka kaya 250 kuwa kiwango cha chini cha kijiji. Mikoa ilishindana kwa idadi ya waliohamishwa. Shule na zahanati zilifika watu wengi kwa njia hiyo, na sitaki kulibeza hilo. Lakini kipimo kilihesabu vichwa, hakikuhesabu kuni, maji wala umbali wa shamba. Kaya 250 zikikaa mahali pamoja, miti ya karibu inaisha kwanza, ng'ombe wanapita njia moja hadi inakuwa korongo, na mashamba ya jirani yanalimwa kila mwaka bila kupumzishwa.

Shinyanga iliumia zaidi, kwa kuwa ilishafyekwa tangu zamani kuondoa mbung'o na kupisha pamba. Wasukuma walikuwa na ngitili: eneo la malisho linalofungwa mvua zikianza, majani yanakua na kukaukia palepale, kisha linafunguliwa kiangazi cha katikati, Julai au Agosti, wakati kwingine kumebaki vumbi. Ngitili ya familia ni hekta chache. Ya kijiji inaweza kufika mamia. Watu walipohamishwa, ngitili zikabaki nyuma bila mwenyewe. Mwaka 1986, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza, zilibaki takriban hekta 600. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilishazidi hekta 300,000.

Mradi haukupanda misitu hiyo. Miche ya kitalu ilikuwa sehemu ndogo. Visiki vilivyokuwa hai chini ya ardhi vilichipua vyenyewe mara ng'ombe walipozuiwa. Kilichorudi ni haki ya kufunga. Mkutano wa kijiji unaamua lini ngitili ifungwe na lini ifunguliwe, sungusungu wanalinda, anayeingiza ng'ombe kabla ya siku anatozwa faini, na kila mtu anaona kwa macho yake kama majani yapo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulikadiria kwamba ngitili ziliwapa watu faida ya dola 14 kwa mtu kwa mwezi, wakati wastani wa matumizi ya mtu wa kijijini kitaifa ulikuwa dola 8.50. Kuni, dawa, nyasi za kuezekea, asali, malisho: vitu ambavyo hakuna mizania ya wizara iliyowahi kuviandika.

Leo ninaona makosa ya zamani yakirudi yamevaa kijani. Kila halmashauri Tanzania imepewa shabaha ya kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka; Kenya inataka bilioni 15 ifikapo 2032. Shabaha ni njema, lakini anayeripoti miche iliyopandwa ndiye anayepimwa kwa miche hiyo. Shimo linachimbwa, picha inapigwa, kiangazi kinakula. Rekebisho si gumu: hesabu ifanyike baada ya kiangazi cha pili, kwenye vipande vya mita 20 kwa 20 vilivyochaguliwa kwa kura, na mhesabuji atoke kijiji kingine. Matokeo yabandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji kabla hayajapanda wilayani.

Biashara ya hewa ukaa ina hatari ileile kwa kificho zaidi. Mradi unalipwa kwa tofauti kati ya msitu uliobaki na ule ambao ungekatwa kama mradi usingekuwapo. Kadiri unavyokuza hatari ya kukatwa, ndivyo unavyouza tani nyingi. Huyo ni mkurugenzi wa kiwanda cha Kisovieti anayeficha uwezo wake, ila amehamia msituni. Kadirio hilo la msitu ambao ungekatwa lisipangwe na mwenye kuuza wala mwenye kununua.

Jambo la haraka kuliko yote liko bonde la Usangu, mkoani Mbeya. Tangu mwishoni mwa 1993 Mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya hifadhi ya taifa, chini ya majaruba ya mpunga na yale mashamba makubwa ya Mbarali na Kapunga yaliyoanzishwa na serikali. Kibali cha maji kimeandikwa lita kadhaa kwa sekunde, tarakimu isiyofuata kupungua kwa mto. Mto ukishuka, jumla ya vibali inazidi maji yaliyomo, na aliye juu anachukua haki yake yote kihalali kabisa. Banio, yaani vizuizi vinavyogawa maji ya mto kwenda mferejini, zikijengwa upya kwa uwiano, mlango wa mto na mlango wa mfereji vikiwa na kizingiti cha kimo kimoja, kila upande unapungua pamoja mto unapopungua, bila mtu kugusa lango. Kando ya banio isimikwe rula ya kupimia kina, yenye alama za sentimita zinazosomeka kutoka ukingoni, na daftari la vipimo vya asubuhi na jioni alishike mtu aliyechaguliwa na vijiji vya chini.